Mashine ya presha ikigoma, kagua petroli na oili kabla ya kununua spea

Biashara ya kuosha magari imewaajiri vijana wengi mijini, kuanzia Dar es Salaam na Mwanza hadi miji ya barabara kuu kama Chalinze, Makambako na Tunduma. Mtaji wake si mkubwa ukilinganisha na biashara nyingine: eneo la kukodi, tangi la maji, sabuni, sponji na mashine ya presha. Hata hivyo, mtaji huo wote unategemea chombo kimoja. Mashine ikizima Jumamosi asubuhi wakati magari yamepanga foleni, wateja hawasubiri. Wanahamia kwa jirani, na vijana wanaolipwa kwa hesabu ya magari wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Mashine za umeme zipo na kelele zake ni ndogo, lakini mgao wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2011 uliwafundisha wengi kutotegemea waya peke yake. Wafugaji nao wanazihitaji mashine za petroli, hasa walioko mbali na nguzo za umeme. Banda la nguruwe au la kuku haliwezi kupuliziwa dawa ya kuua vijidudu likiwa bado na kinyesi kilichoganda, kwa sababu dawa nyingi hupoteza nguvu zikikutana na uchafu. Lazima lioshwe kwanza, na maji ya presha hufanya kwa saa moja kazi ya nusu siku ya ufagio.

Injini inayozungusha pampu katika mashine nyingi za aina hii ni ndogo, ya silinda moja na mipigo minne. Inayofahamika zaidi ni Honda GX160 ya ujazo wa sentimita 163, pamoja na injini nyingi za Kichina zilizotengenezwa kwa kufuata umbo lake. Ni injini ile ile inayokutwa kwenye pampu za umwagiliaji, jenereta ndogo na mashine za kusindilia zege. Kwa hiyo mkulima mwenye pampu ya maji bondeni anaweza kuyatumia maelezo haya bila kubadili mengi.

Oili: nusu lita na kidogo tu

Kosa linaloua injini hizi kuliko jingine lolote linahusu oili. GX160 huchukua takriban lita 0.6. Kopo la oili dukani ni la lita moja, na mhudumu asiyeelekezwa hulimimina lote akidhani anaitendea injini wema. Matokeo yake ni moshi wa rangi ya bluu, plagi iliyolowa oili na chujio la hewa lililochafuka. Mwenye mashine akiona moshi huo huambiwa ringi zimekwisha, na injini inashushwa bila sababu, wakati dawa ilikuwa ni kupunguza oili iliyozidi.

Namna ya kupima nayo ina utata wake. Mashine iwekwe mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa. Kijiti cha kupimia hufutwa, kisha huingizwa tundu lake bila kukazwa. Akikikaza kama kifuniko, mpimaji atasoma oili nyingi kuliko iliyopo na kujipa matumaini ya bure. Kwa matumizi ya kawaida oili inayopendekezwa ni ya mipigo minne ya SAE 10W-30; kwenye joto la Pwani mafundi wengi hutumia SAE 30, na hakuna ubaya.

Mwongozo wa mtengenezaji unaagiza oili ya kwanza imwagwe baada ya mwezi mmoja au saa 20 za kazi, na baada ya hapo kila miezi sita au saa 100, kwa kutegemea kipi kinatangulia. Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanapopotea. Wanakumbuka miezi sita na kusahau saa 100. Miezi sita ni ya mtu anayeosha gari lake mwenyewe mwisho wa wiki. Injini inayonguruma saa nne kwa siku hufikisha saa 100 kwa siku 25 tu, maana yake ni kwamba oili ya eneo la biashara ibadilishwe karibu kila mwezi.

Mashine nyingi hazina saa ya kuhesabu muda wa kazi, lakini tangi linaweza kufanya kazi hiyo. Tangi la GX160 hubeba lita 3.1, na injini ikifanya kazi kwa nguvu hutumia hadi lita 1.4 kwa saa. Tangi moja basi ni zaidi kidogo ya saa mbili, na kazi ikiwa nyepesi ni zaidi ya hapo. Mwenye mashine anayeweka alama moja kwenye daftari kila tangi linapojazwa, akabadilisha oili zikifika alama 40, hatakuwa mbali na ratiba. Daftari hilo hilo litamwonyesha pia kama petroli inayonunuliwa inalingana na magari yaliyooshwa, jambo ambalo wamiliki wengi wangependa kulijua.

Oili imwagwe injini ikiwa na uvuguvugu ili itoke na uchafu wake, na ikusanywe kwenye kidumu. Kuimwaga kwenye mtaro ni kuchafua maji ya watu wengine.

Injini inayokataa kuwaka bila dalili

Injini nyingi za aina hii zina kifaa cha usalama kinachokata moto wa plagi oili ikipungua. Ni kifaa kizuri, lakini kimewagharimu wengi fedha kwa kutokijua. Kamba inavutwa mara 20, injini haitoi hata mlipuko mmoja. Fundi anapima plagi, hakuna moto. Plagi mpya inanunuliwa, hakuna moto. Koili mpya inanunuliwa, bado. Kumbe oili imeshuka, au mashine imewekwa kwenye mteremko kiasi kwamba oili imekimbilia upande mmoja.

Lililo baya zaidi ni suluhisho ambalo limezoeleka vijiweni: kukata waya wa kifaa hicho ili kazi iendelee. Injini itawaka, na itafanya kazi mpaka siku itakaponoki. Ikifikia hapo, mkono wa pistoni umekata au krenki imekwaruzika, na gharama ya kuifufua hukaribia bei ya injini nyingine ya Kichina. Anayenunua mashine iliyotumika aangalie kwanza kama waya huo uko mahali pake.

Kwa hiyo mpangilio wa ukaguzi uanze na vitu visivyo na gharama. Swichi imewashwa? Koki ya petroli imefunguliwa? Oili ipo na mashine imesimama sawa? Kisha ifunguliwe plagi. Ikiwa imelowa petroli baada ya kamba kuvutwa mara kadhaa, mafuta yanafika na tatizo liko upande wa moto, au choki imetumika kupita kiasi na injini imezama mafuta. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki, na safari inaelekea kwenye kabureta.

Rangi ya plagi nayo inazungumza. Kahawia au kijivu ni afya. Masizi meusi makavu yanamaanisha mafuta yamezidi hewa, mara nyingi kwa sababu chujio la hewa limeziba. Weusi wenye utelezi ni oili inayoingia kwenye silinda. Weupe uliochomeka ni injini inayopata joto kali kwa kukosa mafuta ya kutosha. Plagi ya GX160 kwa kawaida ni NGK BPR6ES, na nafasi ya ncha zake ni milimita 0.7 hadi 0.8. Plagi ya pikipiki inayoingia tundu hilo si lazima iwe ya joto linalofaa, hata kama inawasha.

Plagi ifungwe kwa mkono kwanza mpaka ikae, ndipo spana itumike: nusu mzunguko ikiwa mpya, na robo au pungufu ikiwa ya zamani. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, na uzi wake ukishakatika hakuna mjadala.

Petroli ya chupa na kabureta

Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kupambana na uchakachuaji, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuchanganya kusiwe na faida. Hatua hizo zililenga zaidi vituo vya mafuta. Petroli inayouzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara haina wa kuikagua, na injini ndogo huonja uchafu wake kabla ya gari kubwa. Maji kidogo tu chini ya tangi yanatosha kujaza bakuli la kabureta, na injini itakohoa kisha kuzima.

Kuhakikisha ni rahisi. Chini ya kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Koki ifungwe, chombo cheupe au cha kioo kiwekwe chini yake, skrubu ilegezwe. Maji yataonekana yamejitenga chini ya petroli kama matone mazito. Pembeni mwa kabureta kuna kikombe kidogo cha kukusanya tope, nacho kifunguliwe na kusafishwa kila injini inapobadilishiwa oili. Inafaa kukumbusha pia kwamba injini hii haichanganyiwi oili kwenye petroli. Huo ni utaratibu wa misumeno ya mbao na injini nyingine za mipigo miwili, na bado wapo wanaoufanya hapa kwa mazoea.

Petroli ikikaa kwenye kabureta kwa mwezi au zaidi huvukiza sehemu zake nyepesi na kuacha gundi. Tundu la jeti ndogo ya kabureta ni jembamba kiasi kwamba gundi hiyo inatosha kuliziba. Dalili yake inafahamika na kila aliyekaa karibu na mashine hizi: injini inawaka, lakini mlio wake unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama mtu anayechezea mafuta kwa mkono. Kipimo chake hakihitaji kifaa chochote. Choki ivutwe hadi nusu. Mlio ukitulia, injini ilikuwa inapata hewa nyingi na mafuta machache. Ama jeti imeziba, ama hewa inaingia kwa wizi kwenye gasketi kati ya kabureta na injini.

Kusafisha jeti kunataka subira. Ioshwe kwa petroli safi au dawa ya kabureta, ipulizwe kwa upepo wa kompresa, na kama bado imeziba itumike nyuzi moja ya shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Sindano na waya wa chuma hupanua tundu, na tundu likipanuka injini itakula mafuta siku zote. Kabureta mpya ya Kichina haina gharama kubwa, lakini kuinunua kabla ya kuondoa maji kwenye tangi ni kuhamishia tatizo lile lile kwenye kabureta nyingine.

Ipo hitilafu nyingine inayowachanganya hata mafundi wazoefu. Injini inafanya kazi vizuri kwa dakika 20 au 30, kisha inazima taratibu kama iliyoishiwa mafuta. Ikipumzika, inawaka tena. Kabla ya kushika spana, kifuniko cha tangi kilegezwe. Kama injini inarudi kwenye mlio wake, tundu dogo la kuingizia hewa kwenye kifuniko limeziba kwa vumbi na petroli haiteremki.

Vumbi, tope na milima

Chujio la hewa linatakiwa kusafishwa kila saa 50, na mahali penye vumbi mapema zaidi. Eneo la kuoshea magari huonekana lina maji kila mahali, lakini magari yanayoingia yanatikisa vumbi na barabara iko jirani. Sehemu ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, itiwe oili safi kidogo na kukamuliwa. Ile ya karatasi igongwe taratibu tu, isioshwe. Kuondoa chujio ili injini "ivute vizuri" ni kuilisha mchanga, na mchanga humaliza silinda na ringi kwa muda mfupi.

Mapezi ya kupozea kwenye silinda nayo hushikwa na tope linalorushwa na maji. Yasafishwe kwa brashi injini ikiwa baridi. Ni kichekesho kidogo kwamba chombo chenye kazi ya kuosha ndicho kinachokaa kichafu kuliko vyote.

Kuna suala la mwinuko pia, ambalo wauzaji hawalitaji. Injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila meta 300 za kupanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Mbeya, iliyo karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, injini iliyonunuliwa Kariakoo itapungukiwa karibu asilimia 20 ya nguvu zake, itatoa moshi mweusi kidogo na kula petroli zaidi. Honda inashauri kabureta irekebishwe kwa injini zinazofanya kazi wakati wote juu ya meta 1,500. Marekebisho hayo hayarudishi nguvu yote, ila yanapunguza moshi na matumizi. Mashine iliyorekebishwa hivyo ikishushwa Pwani bila kurudishiwa jeti yake itapata mafuta machache na kuchemka.

Kosa liko kwenye pampu

Malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa injini ni ya pampu. Kamba ikiwa ngumu kuvuta, au ikirudi kwa nguvu na kuumiza vidole, kwanza ibonyezwe bunduki ya maji ili presha iliyobaki itoke. Injini ndogo haiwezi kuzungushwa kwa mkono dhidi ya pampu iliyojaa presha, na kamba nyingi hukatika kwa sababu hiyo tu. Kama kamba inavutika kirahisi mno, pasipo upinzani wowote, tatizo ni jingine: mgandamizo umepotea. Hapo kijiko kimoja cha oili kimiminwe kwenye tundu la plagi. Upinzani ukirudi, ringi zimechoka. Usiporudi, zikaguliwe valvu na gasketi ya kichwa. Nafasi ya tapeti ni milimita 0.15 upande wa kuingiza na 0.20 upande wa kutoa, ikipimwa injini ikiwa baridi.

Injini ikinguruma vizuri lakini maji hayana nguvu, tuhuma ziende kwenye nozeli iliyolika, chujio la maji lililoziba, au mpira wa kuingiza maji ulio mwembamba kuliko pampu inavyotaka. Maji yanayopiga kwa mikupuo ni ishara kwamba pampu inavuta hewa mahali fulani kabla haijavuta maji. Tangi liinuliwe juu ya mashine badala ya kuiacha pampu ifyonze kutoka kwenye pipa lililo chini.

Vijana wana tabia ya kuacha injini ikinguruma wakati wanapaka gari povu. Bunduki ikiwa imefungwa, maji yale yale huzunguka ndani ya pampu na kupata joto haraka. Dakika mbili zinatosha kuanza kuumiza sili. Kuzima injini katika muda huo kunaokoa sili na petroli kwa pamoja. Ikiwashwa tena ikiwa ya moto, choki isiguswe. Kuwasha pampu bila maji kabisa ni kosa kubwa zaidi, hata kwa "kujaribu tu".

Kwa Dar es Salaam na miji mingine ya Pwani, visima vingi vina maji ya chumvi. Chumvi hula valvu na mwili wa pampu, na huacha madoa kwenye rangi ya gari. Mwisho wa siku pampu ipitishwe ndoo moja au mbili za maji baridi ya bomba au ya mvua kabla ya kuhifadhiwa.

Hatari zisizozoeleka

Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mashine isiwashwe ndani ya stoo, kontena au banda lililofungwa, hata mvua ikinyesha. Petroli isijazwe injini ikiwa inanguruma au ekzosi ikiwa bado ya moto. Na jeraha la maji ya presha lisidharauliwe. Maji yakipenya ngozi, tundu huonekana dogo kama la sindano, lakini uchafu umeshasukumwa ndani ya nyama. Aliyepatwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na amweleze daktari kwamba ameumizwa na mashine ya presha, kwa kuwa mara nyingi matibabu yake ni ya upasuaji na kuchelewa kunaweza kugharimu kidole.

Msimu wa masika, biashara inapopungua na mashine ikabaki stoo kwa wiki kadhaa, koki ya petroli ifungwe na injini iachwe inguruma mpaka izime yenyewe kwa kumaliza mafuta ya kwenye kabureta, huku pampu ikipewa maji muda wote. Tangi limwagwe. Kisha kamba ivutwe polepole mpaka isikike nzito na iachwe hapo hapo. Katika hali hiyo valvu zote mbili zimefungwa, na unyevu wa masika hauingii kwenye silinda.